Kingo za Marumaru Bafuni Zinakwaruza: Uanzie Wapi?

Msomaji wa Kinyerezi, Dar es Salaam, ameniandikia hivi:

"Shikamoo fundi. Bafu letu la chumbani lilikamilika miezi miwili iliyopita. Ukutani tumeweka marumaru za 30 kwa 60, nyeupe zenye mistari ya kijivu. Kwa mbali linapendeza, lakini ukisogea karibu kingo zote zilizokatwa ni kama meno ya msumeno: kwenye pembe ya ukuta mfupi unaotenga shawa, kwenye dirisha, kwenye kidaka cha sabuni, na juu kule marumaru zinapoishia. Udongo mwekundu wa ndani unaonekana. Wiki iliyopita mwanangu wa miaka minne alichanika kiwiko kwenye ile pembe. Fundi anasema atapaka saruji nyeupe na mambo yataisha. Mume wangu anasema tubomoe tuanze upya. Je, hakuna njia ya katikati?"

Marahaba, binti yangu, na mpe pole mwanao. Njia ya katikati ipo. Bafu lako halihitaji kubomolewa, na ile saruji nyeupe usiikubali. Ukingo uliokatwa vibaya husuguliwa kwanza mpaka uwe laini, ndipo unaamua kama ufunikwe, na ufunikwe kwa kitu gani. Wengi wanaanza na kufunika. Ukingo uliofunikwa ukiwa bado na meno hautulii: ama kifuniko kinabanduka, ama kunaingia weusi, ama jino moja linachomoza na kumpata mtoto mwingine.

Ngoja nikueleze unachokiona pale. Marumaru ya ukutani ina mwili wa udongo uliochomwa, na juu yake kuna ngozi nyembamba ya kioo, haifiki milimita moja. Kwenye ukingo wa kiwandani ngozi hiyo inainama kidogo begani, ndiyo maana ukipitisha kidole husikii kitu. Fundi akikata, lile bega linaondoka. Kinachobaki ni kioo kilichovunjika juu ya udongo, na kioo kilichovunjika kinachana ngozi ya mtu, hata kikiwa kidogo kama punje ya sukari.

Huo wekundu ndio mwili wenyewe. Marumaru za ukutani nyingi zina mwili wa vinyweleo, unaoweza kunywa maji zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake. Poselini ni kitu kingine kabisa: mwili wake umeshikana, haunywi zaidi ya asilimia 0.5, na rangi ya ndani mara nyingi haipishani sana na ya juu. Ukitaka kuhakikisha, chukua kipande kilichobaki, kigeuze, udondoshee tone la maji mgongoni. Tone likizama upesi, hiyo ni ya ukutani. Likikaa juu kama ushanga, ni poselini. Kwa maelezo yako, yako ni ya ukutani, na hilo lina faida na hasara. Faida ni kwamba inasuguliwa kwa urahisi. Hasara ni kwamba ukingo ulioachwa wazi ndani ya shawa unafyonza maji kila mtu anapooga.

Kwa nini zimemeguka hivyo? Nikiyaona meno ya namna hiyo, jicho langu linakwenda kwenye diski. Grinda inafungwa diski za almasi za aina mbili. Ya kwanza imekatwa mapengo pembeni. Hiyo ni ya zege na tofali. Ya pili ukingo wake ni mzima, hauna pengo, na ndiyo ya marumaru. Mafundi wengi wanatembea na ile ya mapengo kwa sababu inakwenda haraka na inafanya kazi zote. Kila pengo linapopita juu ya kigae linapiga ngozi ya kioo kofi, na kila kofi linaondoka na kipande. Hata diski nzima ikishakuwa butu inamegua. Dawa yake ni kuikatisha tofali la saruji mara mbili tatu, almasi zichomoze tena, lakini fundi mwenye haraka hasimami kufanya hivyo.

Kabla hujagusa msasa, gonga. Chukua sarafu ya shilingi mia mbili, pita kwenye vigae vyote vya pembeni ukigonga taratibu, katikati na kwenye kona zote nne. Kigae kilichoshikwa vizuri kinatoa sauti fupi, nzito. Kilicho na uwazi nyuma kinalia tupu, kama dafu lililokwisha maji. Kisha nenda upande wa pili wa ukuta huo, chumbani au koridoni, uangalie kama rangi imevimba au kuna unga mweupe unaotoka. Ukikuta rangi imevimba, simama hapo kwanza: maji yanapita, na urembo wowote utakaouweka ni wa muda. Grauti, ule ujazo wa mianya kati ya vigae, na silikoni, ile gundi ya mpira ya kuzibia, havizuii maji kwa niaba ya ukuta. Kazi hiyo ni ya dawa ya kuzuia maji inayopakwa nyuma ya marumaru. Ukikuta vigae viwili vitatu vya pembeni vinalia tupu, weka alama kwa penseli. Hivyo utavitoa, na nitakuonyesha jinsi ya kuvitumia vizuri.

Sasa tusugue. Hii ndiyo kazi kubwa, na unaweza kuifanya mwenyewe.

Maduka ya vifaa vya ujenzi ya Kariakoo na Gerezani yana vibao vya mkono vya kusugulia vyenye almasi, vidogo kama kipande cha sabuni ya kufulia, vyenye sponji mgongoni. Vina namba: 60 ni kali, 120 ya kati, 200 na 400 ni za kumalizia. Kwa marumaru yako anza na 120. Ile ya 60 iache kwa poselini na mawe, kwenye kioo laini inaongeza meno badala ya kuyapunguza. Ukivikosa, nunua msasa wa maji, ule mweusi, namba 120, 220 na 400, uufunge kwenye kipande cha mbao kilichonyooka. Usiushike kwa vidole vitupu. Vidole vinafuata mabonde, mbao inayanyoosha.

Lowesha ukingo. Shika kibao kwa mshazari, nyuzi 45 hivi, kikiegemea bega la kigae. Msukumo wote uende kutoka kwenye ngozi ya kioo kuelekea kwenye udongo. Ukirudi, nyanyua mkono. Ukisukuma kwa kurudi, kutoka kwenye udongo kuelekea kwenye kioo, unaibandua ngozi kutoka chini na kuongeza mmeguko mpya kwenye ule wa zamani. Ukikosea hapa tu, kazi yote inaharibika.

Mwanzoni itakwaruza kama chuma juu ya chupa. Maji yatatiririka ukutani yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, kwa sababu ya udongo wako mwekundu. Usiogope, hauli kigae kizima. Baada ya mipito thelathini au arobaini mahali pamoja, sauti inashuka, inakuwa kama mtu anayesugua sufuria kwa mchanga. Hapo meno makubwa yamekwisha. Futa kwa kitambaa, hamia namba 200, kisha 400. Unatafuta bega dogo la milimita moja, si zaidi. Ukizidisha, ule mstari mwekundu unapanuka na unaonekana hata mlangoni.

Utajuaje umefika? Kidole kinadanganya, hasa kikiwa kimelowa. Kausha ukingo, chukua pamba ya kawaida ya dukani, ipitishe taratibu toka mwanzo mpaka mwisho. Pamba ikiacha nyuzi mahali, pale bado pana jino. Weka alama, rudia. Pamba ikipita bila kuacha hata unyuzi mmoja, ngozi ya mtoto nayo itapita.

Mita moja ya ukingo inanichukua kama nusu saa kwa marumaru za ukutani, na zaidi ya mara mbili ya hapo kwa poselini. Nasisitiza maji kwa sababu udongo wa marumaru una madini ya mchanga yaitwayo quartz, na vumbi lake likivutwa miaka na miaka linaharibu mapafu bila tiba ya kuyarudisha. Ukisugua kwa maji, vumbi linaondoka na tope. Kama fundi ataingiza grinda humo ndani, watoto watoke, mlango ufungwe, dirisha lifunguliwe, naye avae barakoa ya vumbi na miwani. Na ile tabia ya msaidizi kusimama pembeni akimwagia grinda maji kwa chupa iliyotobolewa kizibo, tafadhali iache isitokee nyumbani kwako. Grinda nyingi hazikutengenezwa kupokea maji, na umeme wa ukutani ni volti 230.

Mahali palipomeguka sana, shimo kama kucha ya mtoto, usijaribu kusugua mpaka lipotee, utakula kigae. Jaza kwa epoksi, gundi ngumu inayouzwa sehemu mbili za kuchanganywa. Changanya, ongeza unga kidogo wa grauti inayolingana na rangi ya marumaru yako, kandamiza kwa kisu butu, sawazisha kwa kidole kilicholoweshwa ukiwa umevaa glavu. Iache siku nzima, kisha pitisha namba 400. Mahali pakavu, wino wa mistari ya kijivu unaweza kuuchora kwa brashi nyembamba. Ndani ya shawa usipoteze muda na kuchora.

Sasa niseme kuhusu saruji nyeupe, kwa sababu fundi wako hakukudanganya kwa ubaya. Nami nilifundishwa hivyo. Miaka yangu ya mwanzo nilipaka saruji nyeupe kwenye kingo za bafu moja Magomeni, nikazipangusa, zikang'aa kama maziwa. Mwenye nyumba alinisifu. Masika ilipoisha aliniita. Kando ya kila kigae kulikuwa na mstari mweusi wa kuvu, na ukikwangua kwa ukucha saruji inatoka kama ganda la yai, chini yake meno yaleyale. Niliumia sana siku ile, kwa sababu mama yule alikuwa amelipa kwa kudunduliza. Saruji nyeupe peke yake inasinyaa ikikauka, haina kiungo cha kuishikiza kwenye kioo, na ikiwa nyembamba kiasi kile inapasuka nyufa ndogo zinazonywa maji. Kama nyumba yenu inatumia maji ya kisima yenye chumvi, kama yalivyo mengi mjini hapa, chumvi inaingia kwenye nyufa hizo na kuzisukuma kutoka ndani. Grauti halisi ya paketi ina viungo vya kushika. Tumia hiyo, isiyo na mchanga kwa mianya chini ya milimita 3, yenye mchanga kwa mianya mipana zaidi, na kazi yake iwe kujaza mwanya kati ya vigae. Bega la kigae haliundwi kwa grauti.

Nenda sasa kwenye ile pembe iliyomchana mtoto. Hapa kusugua peke yake kutaondoa hatari, lakini mstari mwekundu utabaki wima katikati ya bafu, na kwenye ukuta mweupe unaonekana sana. Pembe ya nje inataka trimu, ile mafundi wanayoiita kona. Trimu ya kweli ina mguu mwembamba wenye matundu unaolala ndani ya gundi nyuma ya kigae, na uso wake, wa duara au wa mraba, unakaa mbele ya ukingo. Ilitakiwa kuwekwa siku ya kwanza. Kuiweka leo kunamaanisha kutoa safu moja ya vigae, upande mmoja tu wa pembe, kutoka juu mpaka chini. Kwa ukuta mfupi hiyo ni vigae vichache. Kama ile sarafu ilikuonyesha vigae tupu hapo, ndivyo hivyo vya kutoa. Umeua ndege wawili kwa jiwe moja.

Je, una vigae vilivyobaki? Angalia boksi. Pembeni limechapwa namba ya toleo na rangi, na vigae vya toleo tofauti vinaweza kupishana weupe, hata vipimo kwa milimita moja, japo jina ni lile lile na kiwanda ni kile kile, kiwe cha Mkuranga, cha Chalinze au cha ng'ambo. Ukiwa na namba hiyo mkononi, tafuta dukani kabla fundi hajainua nyundo. Ukikosa kabisa, usitoe kigae hata kimoja. Nitakupa njia nyingine.

Kutoa kunaenda hivi. Grauti yote inayokizunguka kigae iondolewe kwanza kwa wembe wa msumeno wa chuma, ili mshtuko usihamie kwa jirani. Fundi atoboe matundu matatu manne katikati ya kigae, kisha apige patasi kutoka katikati akielekea pembeni. Akianzia ukingoni atamegua jirani na utakuwa na tatizo jipya. Gundi ya zamani ikwanguliwe mpaka pawe tambarare. Ukiona dawa ya kuzuia maji imechanika, ipakwe upya mara mbili na iachwe ikauke kama paketi inavyosema. Trimu ipimwe kwa timazi, mguu uzamishwe kwenye gundi mbichi, kigae kifuate, na kati ya kigae na trimu kuachwe mwanya wa milimita 2 wa grauti. Unene wa trimu ulingane na kigae. Nyingi zinauzwa kwa milimita 8, 10 na 12. Ukikosa inayolingana kamili, chukua inayozidi kidogo. Trimu ikiwa fupi, ukingo wa kigae unabaki umesimama juu yake na mwanao anarudi kuumia.

Kuhusu malighafi, mimi naridhika na aluminiamu iliyowekewa koti la kinga, au chuma kisichoshika kutu. Aluminiamu tupu inaliwa na saruji mbichi, kwa hiyo hata ile yenye koti ifutwe mara tu grauti inapoiangukia. Jihadhari na chuma cha kawaida kilichopakwa ng'aro ya kromu. Nenda dukani na sumaku ndogo: ikinata kwa nguvu, yaelekea ni chuma cha kawaida, kitatoa kutu na kuchora michirizi ya rangi ya chai kwenye marumaru nyeupe. Wasomaji wa Kigamboni na Mbezi Beach wanaonisoma, nyinyi hewa yenyewe ina chumvi. Tafuteni chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316. Plastiki haishiki kutu na ni rahisi, ila ile ya bei ya chini kabisa hugeuka njano.

Kama vigae vya akiba hakuna, njia nyingine ni pembe ya L ya nje, ya milimita 20 kwa 20, inayobandikwa juu ya pembe iliyokwishasuguliwa. Nasema iliyokwishasuguliwa. Safisha kwa spiriti, paka silikoni mfululizo pande zote mbili bila kuacha pengo la maji kujificha, kandamiza, ifunge kwa tepu ya karatasi usiku mzima. Ncha za juu na chini zipigwe tupa ziwe za duara. Haitapendeza kama trimu ya ndani, utaiona imetuna kidogo, lakini nimeona zilizokaa miaka mingi bila kuleta shida.

Huenda mtu akakushauri ukate vigae nyuzi 45 vikutane kama fremu ya picha. Kwa poselini, na fundi mwenye mashine ya maji, ni kazi nzuri kuliko zote. Kwa marumaru yako ya udongo laini, sikushauri. Pua yake ni dhaifu, ndoo ikiigonga mara moja inavunjika, na unarudi ulipoanzia.

Juu ya huo ukuta mfupi, na kwenye kibao cha dirisha, mimi ningeweka granaiti. Karakana zinazokata meza za jikoni zina mabaki ambayo hayatoshi meza lakini yanatosha dirisha, na wanakulainishia ukingo wa mbele ukawa wa duara. Kipande kimoja kinafunika kingo mbili kwa mara moja. Kitokeze mbele ya marumaru kama sentimita 1, na kilale kuelekea ndani ya shawa: kwa upana wa sentimita 20, kishuke milimita 4 au 5. Bila mteremko huo maji yanalala kwenye fremu ya dirisha. Mbavu za dirisha zenyewe, kushoto na kulia, sugua, kisha ziba mwanya kati ya marumaru na fremu kwa silikoni.

Kidaka cha sabuni napenda kukitengeneza kuliko sehemu nyingine yoyote. Wazee wa pwani walijenga zidaka kwenye kuta za mawe ya matumbawe, na kingo zake wakazilainisha kwa chokaa hata mkono ukipita unateleza. Hawakuwa na grinda, walikuwa na subira. Kidaka chako kina kingo nne zinazoguswa kila siku na mkono wenye sabuni, kwa hiyo sugua zote mpaka namba 400. Chini yake weka kibao cha granaiti chenye mteremko, kitokeze kidogo. Pande tatu zilizobaki, kama mstari mwekundu unakukera, trimu nyembamba zilizokatwa nyuzi 45 kwenye kona zitakipa fremu safi. Lakini fanya hivyo kama fundi ana mkono mtulivu. Kona za trimu zikipishana milimita moja, zitakukera kuliko huo wekundu.

Ule ukingo wa juu ndio rahisi kuliko yote, na usimruhusu mtu akuuzie trimu. Uko nje ya maji mengi na hakuna anayeugusa. Tatizo lake ni jicho tu: umekatwa ukayumba, na unajitokeza mbele ya lipu. Vuta uzi uone umeyumba kiasi gani, sugua mpaka ufuate uzi, kisha ulete ukuta kwenye marumaru. Lipu nyembamba ipandishwe ilingane na uso wa kigae, ijengwe kwa mteremko mrefu wa kama sentimita 30 kwenda juu ili usionekane, ikikauka ipigwe puti ya saruji, si ya jasi, maana jasi haipendi unyevu wa bafuni. Bandika tepu ya karatasi kando ya kigae, paka rangi, vua tepu rangi ikiwa bado mbichi. Utapata mstari ulionyooka kama uliochorwa kwa rula.

Hukutaja sakafu, lakini pitisha kiganja kuzunguka kichujio cha maji machafu, pale kigae kilipokatwa. Nyayo za mtoto aliyeloweka ngozi kwa maji ya moto zinachanika upesi. Na matundu ya mabomba yaliyokatwa ovyo yanafunikwa kwa sahani za kromu. Ziba nyuma yake kwa silikoni, uache upenyo mdogo chini ili bomba likivuja ndani ulione.

Silikoni inunuliwe ile ya bafuni yenye dawa ya kuvu. Inayonuka siki inatosha kwa marumaru za kiwandani, lakini isiguse granaiti wala chuma. Kwa hivyo tafuta isiyo na harufu hiyo. Kwenye kona za ndani, ukuta unapokutana na ukuta au na sakafu, toa grauti uweke silikoni, kwa sababu pande hizo zinacheza na grauti itapasuka tu. Na kuanzia leo, ile asidi kali ya kusafishia marumaru isiingie bafuni humo. Inakula grauti, inababua trimu, na ule mwili mwekundu wa marumaru ulio wazi inauingia kabisa.

Umenitajia pia fundi wako, kwa hiyo nikujibu na hilo. Mwite. Mkaribishe chai, mpe pamba, mwambie aipitishe mwenyewe kwenye ile pembe. Atakuelewa kuliko ukimfokea. Kisha kubalianeni kwa maandishi: diski isiyo na mapengo, safu moja itolewe upande mmoja wa pembe, trimu ya unene huu, grauti ya paketi, na hakuna malipo ya mwisho kabla pamba haijapita kila ukingo ikiwa kavu. Akikataa kurudia kazi yake, tafuta mwingine, lakini makubaliano yawe yaleyale.

Anzeni na pembe ya mtoto. Ikiwa mtaanza Ijumaa, kusugua kumalizike siku hiyo, Jumamosi safu itolewe na trimu iwekwe, Jumapili gundi ikauke, Jumatatu grauti, Jumanne silikoni. Ogeni bafu jingine, au kwa ndoo uani, mpaka Jumatano jioni, maana silikoni inataka saa 24 bila tone la maji. Na mpaka hiyo Ijumaa ifike, funga taulo nene kwenye ile pembe, kimo cha kiwiko chake.